Buti zikicheka Lava Tower

Kuna kicheko kimoja mlimani ambacho hakijawahi kumfurahisha mtu: cha buti. Unapanda zako polepole, mara unasikia nyuma yako paka-paka, paka-paka. Ukigeuka, soli ya mwenzako imefunguka mbele na soksi inachungulia. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kijana wetu mmoja, mgumu, yaani mpagazi, wa safari ya tatu tu, njia ya Machame ya Kilimanjaro, siku ile ya kupanda hadi Lava Tower mita 4,600 halafu kushuka kulala kambi ya Barranco. Mvua ya barafu inapiga, kichwani ana begi la mgeni, miguuni ana buti za jina kubwa zinazocheka.

Tulizifunga kwa kamba ya hema na solotepu. Tulipofika Barranco, buti ya kulia ilikuwa imeachia kabisa, na ya kushoto ikafuata asubuhi yake, kama vile zilikuwa zimeahidiana.

Buti kufa si hoja, kila kitu kinakufa. Kilichoniudhi ni kwamba kijana hakukosea popote. Alidamka kwenda soko la mitumba la Kiborloni belo likifunguliwa, akakagua ngozi, akavuta kamba, akaangalia meno ya soli: yote yapo, hayajagusa hata vumbi. Muuzaji akaapa kuwa hazijavaliwa. Na ni kweli hazijavaliwa! Kijana akatoa karibu tipu yote ya safari iliyotangulia.

Uhuni wenyewe uko hapo. Kati ya ngozi na ule mpira wa chini wenye meno kuna sponji. Kwenye buti nyingi za mlima hiyo ni poliyurethani, aina ya plastiki, na adui yake mkubwa si mawe, ni unyevu wa hewani. Unyevu unaila sponji taratibu kwa ndani, joto likiongeza kasi, iwe buti zinatembea au zimelala kabatini huko Ulaya. Miaka ikipita, kwa nje zinang'aa kama za bwana harusi, kwa ndani ni makombo. Zinamsubiri tu mtu mwenye mzigo wa kilo 20.

Tuliporudi Moshi nikampeleka kwa fundi wangu wa karibu na stendi. Fundi akachoma sindano, akaichomoa, akanitazama.

"Kaka, hapa nishone nini? Sindano inapita kama kwenye mkate wa juzi."

Huyo aliyezichora buti hizi aliamua kazi yote ifanywe na gundi na sponji, halafu sponji akaificha mahali ambapo jicho halifiki. Ngozi ikichoka inapasuka, unaiona. Kamba ikichoka inatoa nyuzi. Meno yakiisha unateleza, unajua. Sponji peke yake inachoka kimya kimya, halafu inakuambia kwaheri mahali ambapo hakuna fundi, hakuna bodaboda. Katambuga za pale Arusha hazina tabia hiyo. Ni tairi, mikanda na misumari. Msumari ukilegea, kisigino ndicho cha kwanza kupata habari. Unatafuta jiwe, unagonga, unaendelea.

Kuna mgeni mmoja wa Austria niliyepanda naye mwaka jana, yeye kwao Alps anapanda milima ya theluji kwa skii, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, kwa miguu yake mwenyewe. Alinionyesha kwenye simu kifungo kinachoshika buti kwenye ubao. Mbele kuna pini mbili za chuma zinazobana ncha ya buti kwa springi. Wakati wa kupanda kisigino kinakuwa huru, wakati wa kushuka kinafungwa na pini nyingine mbili nyuma. Basi. Mwaustria mwenzake, Fritz Barthel, ndiye aliyebuni kitu hicho miaka ya 1980 kwa sababu alichoshwa na uzito wa vyuma vya wakati ule. Mgeni wangu hata hivyo alikuwa na hasira zake: kifungo kipya alichonunua kilikuwa na plastiki kwenye kisigino, kikapasuka akiwa katikati ya safari. Siku hizi hatoki bila bisibisi, skrubu za akiba na waya. Nikamwambia mzee, wewe ungeishi vizuri sana na mafundi wa Moshi.

Haya, niseme ukweli ingawa sipendi. Kushuka kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, kama mita 3,100, siku hiyo hiyo, magoti yanaishukuru sponji. Buti za kale za ngozi zilizoshonwa kote ni nzito kama tofali. Na zipo za sasa zinazotengenezwa ili soli ibadilishwe kiwandani. Kiwanda tu kiko Ulaya na kijana anakaa Rau, hapa Moshi.

Lakini maziwa ya pakiti yana tarehe ya mwisho! Buti ukibahatika utakuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa nyuma ya ulimi, kwa maandishi ya kusoma na tochi. Getini wanapima mzigo wa mgumu kwa kilo. Soli anayokanyagia haina mzani.

Fundi alikwangua sponji yote, akaweka tairi, akaishona na ngozi kuzunguka. Sasa ni nzito, na zinanuka gereji. Kijana amezijaribu hadi Rau na kurudi, ameridhika.

Jumatatu tunapanda tena, njia ya Lemosho. Mimi nina buti nilizoachiwa na mgeni miaka mingi iliyopita, nzuri mno, nimezitunza kwenye boksi lake juu ya kabati nikingoja safari ya maana. Jana usiku nilizishusha, nikabonyeza sponji kwa kidole gumba. Kidole kikaingia.