Padre mwanamke akiwa safarini, Dominika asali wapi?

Padre wa kiume akisafiri hana shida. Anafika sakristia na barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wake, ile selebreti, na kanuni ya 903 ya sheria za Kanisa Katoliki inataka aruhusiwe kuadhimisha misa hata kama paroko hamfahamu. Mwanamke aliyefuata njia ya wale wanawake saba Wakatoliki waliopadrishwa bila idhini ya Roma, melini, mto Danube, tarehe 29 Juni 2002, barua hiyo hana wala hataipata. Kwa Roma, huyo si padre. Kanuni ya 1024 inasema daraja takatifu ni kwa mwanamume aliyebatizwa tu, na tangu amri iliyotangazwa 2008, ambayo leo imo katika kanuni ya 1379, mwanamke anayejaribu kupadrishwa hutengwa na Kanisa papo hapo pamoja na aliyemwekea mikono.

Je, aende misa ya parokia asiyoijua? Wapo wanaoona kuingia kwake ni uchokozi. Hapo wanakosea. Kutengwa kunamzuia kuadhimisha na kupokea sakramenti, hakumzuii kuketi benchi na kusali.

Ugumu uko kwenye foleni ya komunyo. Nyumbani kila mtu anamjua, ugenini hajulikani na yeyote. Kanuni ya 915 inamwagiza mhudumu amnyime komunyo yule ambaye adhabu yake imetamkwa au kutangazwa, kama walivyotangaziwa wale saba Agosti 2002. Kwa ambaye hajatangaziwa, zuio linabaki kwenye dhamiri yake, na dhamiri hiyo inamwambia kwamba adhabu yenyewe si ya haki. Wanaomtetea wanauliza: aliyebatizwa, mwenye njaa ya Ekaristi, anyimwe kwa sababu ya kuitikia wito?

Swali zito, lakini halimalizi mambo. Dakika chache kabla ya komunyo, katika sala ya Ekaristi, amesikia Papa na askofu wa mahali wakitajwa. "Amina" anayoijibu mbele ya hostia inabeba umoja na hao pia, na ndio uliovunjika. Yeye atasema waliouvunja ni wao. Inawezekana. Ila mimi sioni sababu ya ugeni kubadili jibu. Kama kwao hupanga foleni mbele ya paroko anayemjua, apange na huku. Kama kwao hubaki benchi, kupokea mahali asipojulikana kunamfanya ajifiche, na wanawake hawa walichagua kupadrishwa hadharani ili wasijifiche. (Ludmila Javorová, aliyepadrishwa 1970 katika Kanisa la chinichini la Czechoslovakia, alilazimika kufichwa kwa sababu ya utawala wa kikomunisti. Hilo ni jambo jingine.)

Kuna njia ya tatu: Wakatoliki wa Kale, Kanisa lililojitenga na Roma, ambao Ujerumani wanapadrisha wanawake tangu 1996, au Waanglikana wa majimbo yanayokubali. Huko anaweza kumkuta mwanamke altareni na kupokea bila kuulizwa. Wengi huishauri njia hii kwa nia njema, na kwa Dominika moja ya safari sioni ubaya. Ila akiifanya desturi, anawapa wapinzani wake hoja waliyoitaka siku zote, kwamba mahali pake ni katika Kanisa jingine, wakati dai lake zima ni kwamba yeye ni Mkatoliki wa Roma na hajatoka.