Daftari la mafanikio likae mkononi mwa kijana

Miaka michache iliyopita binti mmoja alirudi kwenye kituo cha vijana nilikokuwa nikifanya kazi hapa Mombasa. Alikuwa ameitwa usaili dukani, akaomba karatasi ya kuonyesha kwamba kwa miaka miwili ndiye aliyeshika hela za timu ya mpira ya watoto: kukusanya michango, kupatana bei na wenye matatu siku za mechi, kuandika kila shilingi. Nikafungua mafaili. Nilichokuta ni saini zake tu, kwenye karatasi za mahudhurio tulizokuwa tukimpelekea mfadhili. Alichokifanya hakikuandikwa popote. Cheti chake kilisema "ameshiriki".

Linaniuma mpaka leo, maana kosa lilikuwa letu sisi wafanyakazi.

Kule England, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliziwekea huduma za vijana malengo: kati ya wanaoshiriki, asilimia 60 mafanikio yao yarekodiwe, na asilimia 30 yathibitishwe kwa cheti. Wakosoaji wakasema mfanyakazi ataacha kumsikiliza kijana, afukuzie namba. Hofu hiyo naielewa sana, ila siafiki kwamba dawa yake ni kutoandika. Swali langu ni tunamwandikia nani.

Tazama Tuzo ya Rais, mpango wa kukuza vijana wa miaka 14 hadi 24 uliopo Kenya tangu 1966. Kijana huchagua mwenyewe atakachofanya katika huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya mwili na safari ya porini. Hata ngazi ya kwanza, ya shaba, humchukua si chini ya miezi 6. Kumbukumbu huziweka yeye, na mtu anayemsimamia huthibitisha.

Kituo cha mtaani kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la kawaida la mistari. Kila mwezi keti na kijana robo saa, umuulize: ni kitu gani hukukiweza mwezi wa kwanza na sasa unakiweza? Aandike kwa maneno yake, aweke tarehe, na aliyeshuhudia atie saini, awe kocha au mama mboga aliyesaidiwa hesabu. Daftari aende nalo nyumbani. Ofisi ibaki na nakala, kwa idhini yake, na ya mzazi akiwa hajatimiza miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuwe makini. Aliyeacha dawa za kulevya amepiga hatua kubwa kuliko cheti chochote, lakini kuiandika au kutoiandika ni uamuzi wake.

Yule binti nilimwandikia barua usiku uleule, kwa kukumbukakumbuka. Baadaye akaniambia kwamba waliomsaili walitaka kujua kama amewahi kupatana bei na mtu. Suala la wenye matatu nilikuwa nimelisahau kwenye barua.