Mtoto mgonjwa kwenye lango la hospitali ya jeshi

Baba anapofika kwenye lango la hospitali ya jeshi la kigeni akiwa amembeba mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, daktari wa zamu hujikuta kati ya amri na kiapo chake. Akimpokea, wapo watakaosema ameyumbishwa na huruma, lawama ambayo naiona haimtendei haki.

Wanaopinga si watu wasio na moyo. Vitanda vya hospitali hiyo vimewekwa kwa ajili ya majeruhi wa mapigano, na kilicho kitupu asubuhi huenda kikahitajika kabla ya jua kutua. Isitoshe, tiba imewahi kutumika kama chambo. Nchini Vietnam, kuanzia miaka ya 1960, Marekani ilipeleka matabibu wa jeshi vijijini ili kuwavuta wananchi upande wake, na ziara nyingi zilikuwa za siku moja: vidonge viligawiwa, kisha wagonjwa wakaachwa bila wa kuwafuatilia.

Daktari wa langoni, hata hivyo, hatafuti kulifanya jeshi lake lipendwe. Protokali ya Kwanza ya 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inamhesabu raia mgonjwa asiyepigana kuwa sawa na askari mgonjwa, wala hairuhusu kuwatofautisha ila kwa sababu za kitabibu. (Uingereza imeiridhia; Marekani bado.) Huko Afghanistan na Irak, kanuni za upokeaji katika hospitali za majeshi ya kigeni kwa kawaida zilitanguliza raia waliojeruhiwa na majeshi yenyewe, au wale ambao uhai, kiungo au macho yao yalikuwa hatarini, kadiri nafasi ilivyoruhusu. Hivyo mtoto aliyepigwa na kipande cha kombora alikuwa na njia iliyonyooka ya kuingia, ilhali mwenzake aliyekuwa akifa kwa nimonia alitegemea jinsi daktari alivyoisoma kanuni. Kitabibu, sioni kinachowatenganisha.

Hata hoja ya vitanda inahitaji kuhesabiwa upya. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita 1 ya maji kwa kuharisha, amepoteza asilimia 10 ya uzito wake na uhai wake uko mashakani, lakini dripu na uangalizi wa siku moja au mbili mara nyingi humrudisha kwa mama yake akiwa ananyonya. Muda huo haupiti sana ule wa askari wa Uingereza aliyejeruhiwa vibaya mkoani Helmand, Afghanistan, ambaye kwa kawaida alisafirishwa upesi kwa ndege hadi Birmingham, kwao Uingereza.

Ugumu wa kweli ni wa mtoto mwenye kasoro ya moyo, au anayehitaji mashine ya kupumulia kwa wiki kadhaa. Hana ndege inayomsubiri, na huenda hospitali iliyo nje ya uzio haina mashine hiyo. Kumwanzishia matibabu yasiyoweza kuendelezwa ni kumwongezea baba yake msiba, na daktari anayekataa hapo hastahili kuitwa katili. Ninachokipinga ni kumfungia lango mtoto wa dripu kwa sababu ya ugumu wa huyu wa mashine.

Amri za upokeaji zitaje maradhi waziwazi kando ya majeraha, ghala liwe na mirija na dozi za watoto, na njia ya rufaa ipangwe mapema na madaktari wa mahali hapo, ambao ndio wanaojua ni familia ipi itakayoadhibiwa ikionekana ikitoka kwenye kambi ya wageni.