Kuiita "id" hakuifanyi kuwa kitambulisho

Karibu kila anayeanza kazi na XML, lugha ya kupanga data kwa lebo, hukwama hapa. Umeandika <mteja id="m204">, ukaita getElementById("m204") ili kuipata elementi hiyo kwa kitambulisho chake, ikarudi null, yaani haikupata kitu. Unakagua herufi moja moja, huoni kosa. Kosa kweli halipo. Kwa kanuni za XML, "id" ni jina kama "bei" au "rangi". Atributi, yaani sifa inayoandikwa ndani ya lebo, huwa kitambulisho pale tu inapotangazwa kuwa ya aina ya ID. Kwenye HTML kivinjari kinaitambua bila kuambiwa, nasi tumezoea hivyo.

Njia ya asili, iliyokuja na XML 1.0 mwaka 1998, ni kuitangaza kwenye DTD, yaani kanuni za muundo wa hati:

<!ATTLIST mteja id ID #REQUIRED>

Napenda ukali wake. Programu inayohakiki hati itakataa m204 mbili, na IDREF, yaani atributi inayorejelea ID ya elementi nyingine, ikielekeza kusikokuwepo hunaswa mapema. Itakataa pia "204" tupu, kwa sababu thamani ya ID haiwezi kuanza na tarakimu. Hiyo "m" haikuwekwa kama pambo. Ila programu isiyohakiki hailazimiki kusoma DTD iliyo faili la nje, hivyo hati ileile huonekana ina vitambulisho huku, kule haina. Zaidi ya hapo, DTD hufungua mlango wa entiti za nje, yaani vipande vinavyovutwa kutoka nje ya hati, na mvamizi anaweza kuzitumia kusoma mafaili ya seva yako. Wanaozima DTD kwa hati zinazotoka kwa watu wasiowajua wana haki kabisa.

Mwaka 2005 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipitisha xml:id: atributi yenye jina hilo ni kitambulisho, DTD iwepo isiwepo. Safi, lakini si kila maktaba ya programu inaielewa. Tena iligongana na Canonical XML 1.0, inayotumika kutia sahihi za kidijitali: ukikata kipande cha hati, atributi za xml: za elementi za juu hunakiliwa kwenye kipande hicho, na kitambulisho cha mzazi kikajikuta kwa mtoto. Toleo la 1.1, la mwaka 2008, ndilo lililorekebisha.

Wengi basi huamua kutumia XPath, lugha ya kutafuta sehemu za hati, kama //mteja[@id='m204'], na kwa data ya kawaida siwalaumu. Inafanya kazi popote. Lakini hakuna anayelinda upekee, na hapo ndipo hatari ilipo kwenye hati zenye sahihi, kama zile za SAML za kuingia kwenye mifumo. Mvamizi hupachika elementi ya pili yenye ID ileile. Sahihi inahakikiwa kwenye moja, programu inasoma nyingine, naye anaingia kwa jina la mtu mwingine.

Hati ninazoandika mwenyewe, maktaba ikikubali, naziwekea xml:id. Zenye sahihi nazihakiki kwa skima (faili la kanuni za muundo wa hati) iliyo kwenye mashine yangu, nakataa ID zinazojirudia, kisha nasoma elementi ileile iliyothibitishwa, bila kuitafuta upya.