Nani ana ufunguo? Zana na data za jamii katika miradi ya programu huria

Katika kila mradi mkubwa wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, zimo zana ambazo hakuna kikao kilichoziagiza. Mchangiaji mmoja alichoka kutafuta kosa lilelile kila wiki, akaandika skripti, yaani programu fupi ya kumfanyia kazi hiyo. Mwingine akatengeneza boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, ya kupanga ripoti za hitilafu. Wa tatu akaanza kukusanya takwimu za matumizi. Mwanzoni vitu hivi hukaa kwenye kompyuta ya mwenyewe, au kwenye seva ndogo anayoilipia kutoka mfukoni. Wenzake wanazoea. Siku moja seva inazimika, mwenyewe hapatikani, na kazi ya watu mia inasimama. Ndipo linapozuka swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema: zana na data za namna hii ziwekwe kwenye seva za mradi, au ziachwe zilikozaliwa?

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Wikipedia na miradi yake dada. Mwaka 2005 Wikimedia Deutschland, chama cha Ujerumani kinachounga mkono Wikipedia, kilianza kuendesha Toolserver, mahali ambapo wachangiaji waliweza kuweka programu zao wenyewe. Thamani yake kubwa haikuwa nafasi ya diski. Ilikuwa nakala ya hifadhidata iliyojisasisha sambamba na ile halisi. Aliyetaka kujua makala zipi hazina vyanzo, au picha zipi hazitumiki popote, aliiuliza hifadhidata moja kwa moja akapata jibu. Bila nakala hiyo angelazimika kupakua faili zima la data, kulifungua, kulipakia kwenye mashine yake, kisha kurudia yote hayo kila data inapochakaa. Wenye mashine na subira ya kufanya hivyo ni wachache mno. Zana zikikaa jirani na data, mlango wa kuchangia unafunguka kwa yeyote mwenye wazo, hata kama kompyuta yake ni dhaifu. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kukubali.

Mwaka 2014 Toolserver ilifungwa, na kazi ikahamia kwenye mfumo wa Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ambao leo unaitwa Toolforge. Uhamisho wa aina hii ndio unaofichua nani hasa ana ufunguo. Zana isiyo na leseni huria hubaki mali ya mwandishi wake hata kama inalala kwenye seva ya jumuiya; akitoweka, wasimamizi wanauona msimbo wake lakini hawana haki ya kuunakili na kuuendeleza. Toolforge inadai leseni huria kwa kila zana, na ina utaratibu wa kumkabidhi mtu mwingine zana iliyotelekezwa. Naona kanuni hizo mbili zina thamani kuliko seva zenyewe, kwa sababu seva hununuliwa, lakini ruhusa ya mtu asiyepatikana hainunuliki.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kujibebesha haya, kwani huduma za nje zipo na nyingi ni za bure. Historia haiwaungi mkono sana. Watengenezaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux walitumia BitKeeper, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwa leseni ya bure hadi mwaka 2005 mwenye programu alipoiondoa leseni hiyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalazimika kuandika Git ichukue nafasi yake. Google Code, iliyokuwa makao ya miradi mingi, ilifungwa rasmi Januari 2016. SourceForge, tovuti nyingine ya namna hiyo, mwaka 2015 iliweka programu za matangazo ndani ya kisakinishi cha Windows cha GIMP, programu ya kuhariri picha, bila ridhaa ya watengenezaji wa GIMP. Kote huko mwenye nyumba ndiye aliyebadili masharti.

Hata hivyo, kuwa na nyumba yako ni gharama, na hapa wanaokataa wanasema kweli tupu. Jumuiya ya freedesktop.org, inayobeba miradi kama Mesa (programu za michoro za Linux), iliendesha GitLab yake, yaani mfumo wa kutunza msimbo, pamoja na majaribio ya otomatiki kwa kila badiliko la msimbo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilitangaza kwamba gharama zimepanda hadi makadirio ya dola 75,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitokana na data iliyokuwa ikipakuliwa na majaribio hayo. Baadaye ikapata mfadhili wa seva, na mwaka 2025 ufadhili huo nao ukafikia kikomo. Ikabidi kuhama tena kwa haraka. Hesabu ya pesa haijumuishi usingizi wa wasimamizi. Wengi wao ni watu wa kujitolea, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeomba zana moja zaidi ihostiwe haoni kwamba mtu yuleyule ataamshwa usiku itakapojaza diski.

Kisha kuna usalama. Arch Linux, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, ina AUR, hazina ambamo mtumiaji yeyote anaweza kuweka maelekezo ya kujenga kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Waendeshaji wake wanaeleza waziwazi kwamba vifurushi hivyo havina dhamana na kila mtu ajikague mwenyewe. Mwaka 2018 mtu aliasili, yaani alichukua utunzaji wa, kifurushi cha acroread (kisomaji cha PDF) kilichokuwa yatima, bila mtunzaji, akapachika humo amri za kupakua skripti hasidi. Julai 2025 vikaondolewa vifurushi vingine vilivyobeba programu ya kutawala kompyuta ya mtu kwa mbali. Onyo lilikuwepo, lakini anayepakua huona jina la Arch na kuliamini. Mradi ukiipa zana anwani yake, umeipa na heshima yake.

Tukio la acroread linanisumbua kwa sababu linagusa kanuni ileile niliyoisifu hapo juu. Utaratibu wa kuasili zana iliyotelekezwa ndio unaoiokoa isife, na ndio mlango aliopitia mhalifu. Mwaka 2018 huohuo, mtunzaji wa event-stream, kifurushi cha npm (hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript) kilichopakuliwa mara nyingi sana, alimkabidhi kazi mtu aliyejitolea kusaidia. Huyo akaingiza msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Sioni kwamba jibu ni kufuta kuasili. Jibu ni kukufanya kuwe polepole na hadharani: ombi litangazwe, watu zaidi ya mmoja wakague, na mrithi asipewe siku ya kwanza uwezo wa kutoa toleo jipya peke yake.

Kuhusu data, mabishano ni mepesi kidogo, na OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ya dunia, inaonyesha njia. Data yote ya ramani hutolewa kama faili moja kubwa ambalo yeyote anaweza kulipakua na kulifanyia kazi. Huduma zinazotumia data hiyo, kwa upande mwingine, zina mipaka: seva ya pamoja ya kutafuta mahali, Nominatim, haimruhusu mtumiaji zaidi ya ombi moja kwa sekunde, na anayehitaji zaidi anaelekezwa kuendesha seva yake. Mgawanyo huu una haki ndani yake. Faili kila mtu analipata, na muda wa seva, ambao ni mchache, unapimwa. Umuhimu wake umeongezeka tangu boti za kukusanya data za akili bandia zianze kufyonza kila kitu. Aprili 2025 Wikimedia Foundation ilieleza kwamba matumizi ya mtandao kwa kupakua picha na video yalikuwa yamepanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba asilimia 65 ya trafiki yake iliyo ghali zaidi ilitoka kwa boti. Mradi usioweka mipaka mapema utajikuta unawahudumia wageni hao kwa pesa za wafadhili wake.

Faragha nayo haina mjadala mrefu: nakala ya hifadhidata ichujwe anwani za barua pepe, nywila na kumbukumbu za siri kabla mchangiaji yeyote hajaigusa.

Kwa hiyo, kama ningekuwa na kura, ningeiweka data kwenye seva za mradi bila kusita, ikiwa imechujwa na inapakulika nzima, ili hata mradi ukifa mtu mwingine aweze kuanza upya. Zana ningezipokea zile tu ambazo kazi ya kila siku inazitegemea, zenye leseni huria na watunzaji wasiopungua wawili wenye ufunguo. Majaribio ya otomatiki yananipa shida zaidi, maana hula pesa kuliko yote na bila hayo ubora hushuka. Hapo ningekubali huduma ya nje, ilimradi maelekezo yake yawe yanaweza kuhamishiwa kwingine bila kuandikwa upya. Na ile zana maarufu ambayo mwandishi wake anakataa kuiwekea leseni? Ningeiacha nje hata kama watu mia wanaitumia, nikamshukuru kwa kazi yake, na siku hiyohiyo nikatafuta watu wawili wa kuanza kuandika mbadala.