Injini ya Pangaboi Isisahau Ulivyoitendea

Katika simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta zinazoiga urushaji wa ndege, kuna chaguo moja dogo kwenye mipangilio ambalo ningependa kila anayerusha ndege za abiria za zamani za pangaboi asiliguse: lile linalozuia injini isiharibike. Najua limewekwa kwa nia njema, maana mtu aliyechoka na kazi za mchana hapendi safari yake ikatizwe na moshi katikati ya bahari. Hata hivyo, Douglas DC-6 ambayo injini zake hazifi kamwe ni picha ya DC-6 tu, kwa sababu tangu ndege ile iliporuka kwa mara ya kwanza mwaka 1946, waliokaa mbele walitumia sehemu kubwa ya safari wakiziangalia injini kuliko kuliangalia anga.

Tuanze na kuwasha. Kila injini ya DC-6, Pratt & Whitney R-2800, ina silinda 18 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, na ndege ikikaa muda mrefu bila kutumika, oili hujipenyeza polepole mpaka kwenye silinda za chini. Pistoni huweza kuigandamiza hewa lakini haiwezi kuigandamiza oili, hivyo injini ikiwashwa kwa pupa katika hali hiyo, konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, hupinda. Ndiyo sababu starta huachwa kwanza izungushe pangaboi taratibu, nawe unahesabu mapanga yanavyopita, kisha ndipo unapozipa umeme plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta. Nilipoanza kurusha ndege hizi nyumbani niliiruka hesabu hiyo, nikiamini kwamba ni madoido ya watu wanaopenda mambo ya kale. Sasa siiruki, na injini inapokohoa, ikatoa moshi kisha ikatulia, ninapata furaha ambayo jeti haijawahi kunipa.

Ukishapaa, kila injini inadai mambo matatu yapatanishwe kila wakati: shinikizo la hewa inayoingia, mwendo wa pangaboi, na mchanganyiko wa mafuta na hewa. Juu ya hayo kuna vile vibao vya pembeni mwa injini vinavyofunguliwa ili upepo uzipooze silinda. Ukivifungua mno vinaivuta ndege nyuma, na ukivifunga mapema vichwa vya silinda vinaungua.

Lakini mahali ninapoona wengi wakikosea, nami nilikosea kwa muda mrefu, ni wakati wa kushuka. Aliyezoea jeti huondoa nguvu yote akiwa juu na kuiacha ndege iteremke. Ukifanya hivyo kwenye injini kubwa inayopozwa kwa hewa, silinda zilizokuwa na joto kali hupoa ghafla, na jambo baya zaidi ni kwamba upepo huanza kulizungusha pangaboi, pangaboi nalo likaanza kuiendesha injini badala ya kuendeshwa nayo, mpaka beringi zikabeba mzigo kwa upande ambao hazikuundwa kuubeba kwa muda mrefu. Kwa hiyo kushuka hupangwa mapema, zaidi ya kilomita 100 kabla ya kiwanja, huku nguvu ikipunguzwa kidogo kidogo. Simuleta isiyoadhibu kosa hili haimpi mtu sababu yoyote ya kulitambua, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa kuliko rangi isiyo sahihi kwenye bawa au skrubu iliyosahauliwa ndani ya chumba cha rubani, mambo ambayo watu huyabishania kwa wiki nzima.

Wapo wanaosema kwamba safari za namna hii ni ndefu mno. Ni kweli kwamba ni ndefu. Niliwahi kuirusha Lockheed Constellation kutoka Shannon, Ireland, hadi Gander, Kanada, njia iliyotumiwa sana na ndege za abiria zilizovuka Atlantiki ya Kaskazini kabla ya jeti, zaidi ya kilomita 3,000 dhidi ya upepo wa magharibi, bila kuharakisha saa ya simuleta. Nilikaa karibu saa saba nikirekebisha mchanganyiko, nikilinganisha mafuta yaliyobaki na umbali uliobaki, na kuelewa kwa nini ndege hiyo ilihitaji mhandisi aliyekaa mbele ya ukuta wa geji zake mwenyewe. Kama injini zile zingekuwa za chuma kisichochoka, ningekwenda kulala na kuzikuta Gander asubuhi.

Watengenezaji wachache wa ndege za simuleta wamelielewa jambo hili kikamilifu. A2A Simulations, katika Boeing 377 Stratocruiser yao yenye nyongeza ya Accu-Sim, waliifanya hali ya injini ihifadhiwe kutoka safari moja hadi nyingine. Ndege ile ina injini za silinda 28, kila silinda ina plagi mbili, na kwa injini nne hizo ni plagi 224. Jioni moja niliziacha injini zizunguke kwa muda mrefu chini kabla ya kupaa, mchanganyiko ukiwa mzito, yaani wenye mafuta mengi, kwa sababu nilikuwa nikisoma ramani. Siku iliyofuata injini ya tatu ilitetemeka tangu nilipoiwasha, na sikuhitaji kuambiwa na mtu plagi zake zilichafuka lini.