Nafasi Ipo, Lakini Haitumiki

Jamani, mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, nafasi naijua. Kwenye kichochoro cha kupita punda mmoja mwenye mawe, tunapita punda wawili na mimi nimejibandika ukutani kama kalenda. Kwa hiyo kompyuta iliponiambia ina GB 120 tupu lakini hazitumiki, niliona natukanwa.

Ni hii laptopu yangu ya kuchapia watu barua hapa Langoni. Ya mtumba, diski yake GB 500, ambazo ukiiwasha zahesabiwa 465. Muuzaji ahesabu kwa 1,000, mashine yahesabu kwa 1,024. Ningeuza mchele kwa hesabu hiyo ningeshapigwa zamani.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kupanda 11 laptopu haina nguvu hizo. Kijana wa kakangu akaniletea flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. "Ami, usiifute Windows. Ziweke zote mbili, zikae pamoja kama ndugu." Mtoto huyu hajaona ndugu wakigawana nyumba ya urithi.

Kazi ya kwanza, kuipunguza C, ile sehemu ya diski anayokaa Windows. Humo nina GB 200 na zaidi zimelala bure. Nikaomba nikatiwe, nikaambiwa nitapata 9. Tisa! Kumbe kuna mafaili hayahamishiki, yamekaa katikati ya diski kama mzee aliyeweka kiti mlangoni, ukumbi mzima uko nyuma yake na hupiti. Ilibidi nizime haibanesheni (kompyuta kulala na kazi zake), nizime pejifaili (faili la kuisaidia kumbukumbu), niwashe upya, ndipo mzee akasogea. Nikapata 120 zangu.

Nikachomeka flashi, nikafika penye kugawa diski. Ule mraba wa 120 upo, mweupe, naugusa kwa kidole kwenye kioo. Pembeni umeandikwa: haitumiki.

Sababu yake ni ya ajabu. Diski hii imegawanywa kwa mtindo wa MBR, mambo ya 1983. Sekta yake ya kwanza ni baiti 512, na humo jedwali la patisheni, yaani vyumba vya diski, limepewa baiti 64 tu: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mistari ikijaa, hata uwe na uwanja wa mpira huandikishi kitu. Nikasema kwa sauti, "Aa, kumbe ni nne tu, ya tano haikubaliwi!"

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nne za nani?"

Kumweleza MBR kulichukua muda mrefu kuliko posa yetu.

Sasa hizo nne nilizikuta zimeshakaliwa. Moja ya kuwashia, moja C, moja ya urejeshaji, na ya nne ya vikorokoro vya mtengenezaji, ambayo sijawahi kuifungua tangu niinunue. Kila ukoo una chumba cha hivyo, cha ami aliyehamia ng'ambo: kisiguswe, atarudi.

Kijana akasema ingekuwa GPT, mtindo mpya wa kugawa, ningepata patisheni 128. Lakini laptopu yangu yawakia baiosi (programu ya kuiamsha mashine) ya kizamani, na Windows yake haiwaki kwenye GPT kwa baiosi hiyo. Basi ikabaki njia moja: kumtoa ami. Nikafanya bakapu kwanza (barua za watu hizi, mkataba wa shamba la mtu umo), nikaifuta ya nne, mahali pake nikajenga patisheni ya nyongeza. Hiyo yahesabiwa moja, lakini ndani yake wakata vyumba upendavyo, na Linux haina kiburi, hukaa chumba cha ndani bila kununa.

Katikati ya kufomati stima ikakatika. Betri yangu hudumu dakika kumi na moja. Sitasimulia dakika hizo.

Saa nane usiku ikawaka! Linux juu, Windows chini, chagua utakayo. Nililala kama bwana harusi.

Asubuhi kijana akaja kuchukua flashi yake, ana boti ya kwenda Faza. Akaichomoa, akaenda. Nikawasha laptopu: Windows peke yake. Linux haipo hata kwa dawa. Nikampigia simu.

"Ami, ile programu ya kuwashia uliiweka wapi? Sda au sdb, yaani diski ipi?"

"Nilichagua iliyokuwa juu."

"Juu ilikuwa flashi."

Yaani nyumba nimeijenga, mlango nimeuweka mfukoni mwa mtu. Nilikimbia kanzu mkononi hadi gatini, nikamkuta mguu mmoja uko botini. Akaniachia flashi kwa shilingi elfu moja, na kurekebisha atarekebisha akirudi. Mpaka hapo naivaa shingoni kwa kamba, isipotee.

Mke wangu ameiona. Ameuliza ni ufunguo wa nyumba gani.